Neno la Shukrani la Nathanaeli

Asha hamwamkii tena Nathanaeli. Huo ndio ubaya wenyewe, na aliyeuleta ni Nathanaeli, kwa kinywa chake, mbele ya watu.

Mtu wa mbali atasema ni jambo dogo. Hapa kijijini Kwembago si dogo. Mdogo ndiye anayeanza shikamoo, mkubwa kazi yake ni kuitikia. Nathanaeli Shemndolwa ana miaka sitini na minne, Asha ana hamsini na mmoja. Asha akinyamaza, Nathanaeli hana pa kuanzia. Akimwuliza kwanza, "Umeamkaje, mama Shabani?" atakuwa ameomba shikamoo kama mtu anayeomba chumvi, na hiyo ni aibu kuliko kuikosa. Kwa hiyo husimama upande wake wa shamba, kikombe cha chai mkononi, akimsikia Asha anakata majani upande wa pili, na hangoji kingine.

Mashamba yao yametenganishwa na safu ya mabingobingo, majani marefu ya kulisha ng'ombe. Katikati ya safu palikuwa na upenyo wa kupita mtu mmoja. Tangu Eliza, mke wa Nathanaeli, azikwe, ilikuwa imetimia miaka sita, na katika miaka hiyo Asha hakuwahi kuupita upenyo ule. Alisimama kwake. Alfajiri alipokuja kumkatia ng'ombe majani alisema, "Shikamoo, baba Rahabu."

"Marahaba, mama Shabani. Ng'ombe anasemaje?"

"Anasema baridi."

"Mwambie hata huku."

Basi. Maneno yale yale kila siku, na kila siku yalitosha. Jumatano, siku yake ya kupika makande, Asha aliweka sahani iliyofunikwa juu ya jiwe pale kwenye upenyo, akaenda zake. Jioni sahani ilirudi juu ya jiwe lile, imeoshwa, ndani yake yai au karoti mbili, maana sahani ya mtu hairudishwi tupu. Hakuna aliyeuliza, hakuna aliyeeleza. Asha ni mjane, Mwislamu. Nathanaeli ni mgane, Mlutheri. Mambo ya namna hiyo yakikaa kimya yanakaa salama.

Rahabu, binti wa Nathanaeli, yuko Morogoro, hupiga simu bando likiwepo. Emanueli, mwanawe wa kiume, yuko Dar es Salaam, na huyo hata bando likiwepo hapigi.

Kitu kingine alichokuwa nacho Nathanaeli ni ukumbi. Uko Lushoto mjini, nyuma ya soko, ukumbi wa zamani wenye mabati yanayopiga kelele mvua ikinyesha. Mwanamke mmoja aitwaye Sabra huandaa pale mihadhara na burudani, na kila mwanzo wa mwezi hubandika bango stendi: Matukio Yajayo. Jumamosi ya kwanza, mhadhara wa ufugaji nyuki. Ya pili, kwaya kutoka Mlalo. Ya tatu, wasichana wa shule ya Kifungilo na ngonjera zao. Ya nne, ngoma. Nathanaeli hakukosa hata moja. Nyuki hana, na kwaya huisikia kanisani, lakini alivaa koti lake la sikukuu akateremka.

Kila shughuli pale humalizwa kwa neno la shukrani. Mwananchi mmoja huitwa mbele, amshukuru mgeni kwa niaba ya wote. Mwaka mmoja Sabra alimwita Nathanaeli kwa sababu tu alikaa mbele na alikuwa na koti. Nathanaeli aliachia shule darasa la tano, kuandika haraka hawezi. Akawa anakunja vidole. Mgeni akisema jambo lililomwingia, kidole kimoja. Vikifika vitatu anaacha kusikiliza. Akasimama, akamrudishia mgeni mambo yake matatu, moja baada ya jingine, bila kupamba. Watu wakapiga makofi. Akapewa soda. Tangu siku hiyo hakuitwa mwingine. Makonda wa stendi walimpigia kelele, "Mzee Shukrani!" naye aliwapungia mkono kama diwani.

Mwezi wa sita akaja daktari kutoka Tanga, Jenoveva, kuzungumza juu ya uzee. Ilikuwa Jumamosi ya mvua, ukumbi umejaa hadi mlangoni. Watu wa Kwembago walikaa safu ya tatu, Asha miongoni mwao. Alikuwa ametoka kuuza mayai akaingia kujikinga na mvua.

"Nyumba ya mzee anayeishi peke yake," daktari akasema, "inaweza kumaliza siku tatu bila sauti ya mtu."

Nathanaeli akakunja kidole cha kwanza. Baada ya hapo hakusikia tena. Alikuwa anaitazama nyumba yake, kiti kimoja kimesogezwa, kingine hakijasogezwa tangu Eliza aondoke.

Sabra akamwita mbele. Akakishika kipaza sauti.

"Mgeni wetu, leo sina mambo matatu. Nina moja. Umesema siku tatu. Kwangu mimi ni saba. Tangu nilipotoka humu Jumamosi iliyopita mpaka niliporudi leo, hakuna kinywa kilichofunguka kunisalimu."

Alijua ni uongo wakati anausema. Makande ya Jumatano alikuwa ameyala na kuyamaliza. Lakini ukumbi ulikuwa umenyamaza namna ambayo haujawahi kumnyamazia, na siku saba ukiziongezea salamu ya jirani na sahani moja zingebaki maneno ya kawaida tu. Akamkata Asha kama anavyokata majani ya nje ya kabichi kabla ya kuipeleka sokoni, ili ipendeze.

Makofi hayakuisha upesi. Daktari alivua miwani akajifuta macho. Nathanaeli alipotazama safu ya tatu, pale alipokaa Asha palikuwa wazi.

Kesho yake alfajiri mundu ulisikika kwenye majani. Shikamoo haikusikika. Jumatano jiwe lilikuwa jiwe tu.

Wageni wengine hawakukosekana. Mwinjilisti alikuja, wamama wa kanisani wakaja na mkungu wa ndizi, wakaja watu wawili wakampiga picha na simu akiwa mlangoni. Walikaa kidogo, wakaomba, wakatazama sufuria yake, wakaaga. Hilo lilikwenda juma moja. Juma la pili kila mtu alikuwa na shamba lake la kulima.

Issa, karani mstaafu anayekaa karibu na kisima, alimkuta dukani.

"Mzee, Kwembago nzima umetuvua nguo. Daktari amerudi Tanga akijua huku wanaishi wanyama."

"Sikumtaja mtu."

"Ndiyo maana. Ungetutaja tungekujibu."

Nathanaeli akaenda kwenye upenyo asubuhi, akaita, "Mama Shabani."

"Abee." Asha alinyoosha mgongo, mundu mkononi.

"Nilikosea."

"Ulikosea wapi? Mtu akisema hakusalimiwa, hakusalimiwa. Nimechelewa, baba Rahabu, ng'ombe hajala."

Akaondoka. Nathanaeli akakata shauri kwamba kosa lililofanywa kwenye kipaza sauti litaondolewa kwenye kipaza sauti. Na nafasi ilikuwa imekuja yenyewe, maana Sabra alikuwa amebandika bango jipya. Jumamosi ya tatu, mwezi wa saba: Mzee Nathanaeli Shemndolwa, Upweke wa Wazee, wote mnakaribishwa. Mtu wa darasa la tano hajawahi kuandikwa pale. Alipita stendi mara tatu kulisoma, na kila mara aliona bora Asha pia alione, halafu akaona bora asilione.

Siku ikafika. Watu walikuwa wengi kuliko siku ya daktari. Asha hakuja.

"Nitasema kidogo," Nathanaeli akaanza. "Mwezi uliopita nilisimama hapa nikasema uongo. Nilisema hakuna anayenisalimu. Yupo. Ni Asha, mama Shabani, jirani yangu. Miaka sita ananiamkia kila asubuhi. Kila Jumatano ananipa makande. Nilimwacha makusudi, ili mnionee huruma. Nimekuja kumrudisha."

Alitegemea kimya. Kimya kilikuwepo, kwa pumzi moja. Kisha sauti ya mwanamume ikatoka nyuma:

"Kila Jumatano, mzee? Na Alhamisi je?"

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko.

"Alhamisi hapiki," Nathanaeli akajibu, maana yeye akiulizwa hujibu.

"Sahani inapitia mlangoni au dirishani?"

"Inawekwa juu ya jiwe, kwenye upenyo. Kwangu hajawahi kuingia."

"Na wewe kwake?"

Mabenchi yalilia. Kadiri alivyosema kweli ndivyo walivyozidi kushikana mabega. Mwanamke mmoja wa safu ya mbele alijifunika uso kwa khanga, mabega yakimtikisika. Sabra akamwondolea kipaza sauti taratibu, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu, akamwita Issa kwa neno la shukrani. Issa akasema wanamshukuru mzee, kumbe shida ya Kwembago si upweke. Wakacheka tena.

Njia ya kupanda Kwembago ni fupi kwa mwenye pikipiki. Nathanaeli alipanda kwa miguu, na maneno yakamtangulia. Asha alikuwa amesimama kwenye upenyo, hana mundu, hana kikapu. Alikiacha Kiswahili akasema Kishambaa, sauti chini, wasisikie wapita njia.

"Mara ya kwanza ulinifuta mbele ya watu. Nikanyamaza. Leo umenibandika mbele ya watu kama bango. Nani alikuomba?"

"Nilitaka kusema kweli."

"Kweli ungeniambia mimi."

"Nilikuja. Ukasema umechelewa."

"Si ungekuja kesho yake? Ungekuja na kesho kutwa! Miaka sita mimi nimekuja kila siku. Wewe umekuja mara moja, ukachoka, ukaenda kuwaambia watu wa sokoni."

Asha akageuka.

Jumapili Shabani, mtoto wa Asha, alipanda kutoka Mombo anakofanyia biashara barabarani, na robota la seng'enge begani. Ni mtu mzima, ana watoto wawili. Alipomwona Nathanaeli aliutua mzigo kwanza.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Si ugomvi, baba. Nisingependa uelewe vibaya. Ila mama akipita sokoni wanamwita mama Jumatano. Juzi amerudi na mayai yake yote."

"Yote?"

"Yote. Hakuyauza hata moja. Aliona heri arudi."

Nathanaeli akaitikia kwa kichwa. Shabani akachimba mashimo mawili kwenye upenyo, akasimamisha nguzo, akaliviringisha jiwe mpaka mtaroni. Seng'enge haivutwi na mtu mmoja ikakaza. Alijaribu mara mbili, ikamponyoka. Nathanaeli akaweka chini kikombe, akaishika upande wake, akavuta. Wakafunga mistari minne. Shabani akamshukuru, akaenda kumuaga mama yake.

Sasa ni katikati ya Desemba. Sabra bado anabandika mabango, na bado anamwita Nathanaeli mbele. Watu wamekwishacheka, wamesahau. Juzi alimshukuru bwana mmoja aliyezungumza juu ya vyanzo vya maji. Asha hakusahau. Wakikutana njiani Asha hushuka ukingoni, humpisha mzee kwa adabu zote, na kinywa hakifunguki.

Hesabu ya Nathanaeli ni hii. Tangu siku ya daktari yamepita majuma ishirini na sita. Ni asubuhi mia moja themanini na mbili, toa tisa ambazo Asha alikuwa kijiji cha Mnazi kumsaidia dada yake kuvuna, zinabaki mia moja sabini na tatu alizosimama na kikombe bila kuamkiwa. Sahani za makande zingekuwa ishirini na sita. Toa moja ya Mnazi, ni ishirini na tano.