Mgongo Usioumuka

Mgongo wangu ulifunga Jumamosi asubuhi, nikiwa nimeinamia beseni namwosha mwanangu masikio. Haukupiga kelele, wala sikusikia kitu kukatika. Ulifunga tu, kama mlango ambao mwenyewe ameondoka na ufunguo. Mume wangu, ambaye ni fundi wa vigae, alinikuta nimebaki vile vile nilivyoinama, mikono imejaa povu. Nikamwambia asiniguse, amtoe mtoto kwanza maji yanapoa.

Kwenye zahanati muuguzi alinibonyezabonyeza akasema mfupa mzima, ni misuli ndiyo imekaza.

"Tafuta kifaa cha kukandia, ukae nacho nyumbani. Na usinyanyue kitu kizito mpaka mgongo uachie."

"Kizito kama nini?"

Akamtazama mwanangu, ambaye nyumbani tunamwita Bonge, na nadhani sababu haihitaji maelezo. "Kama huyo," akasema.

Hapo ndipo paliponiuma. Bonge alikuwa ndiyo kwanza ameanza kusimama kwa kushika sketi yangu. Anasimama, ananyoosha mikono yote miwili, anangoja. Zamani ilikuwa nikiiona tu ile mikono, nishamnyanyua. Sasa ananyoosha, nami namtazama kutoka juu kama mnara wa simu, nampigapiga kichwani. Akichoka kungoja anageuka, anatambaa kwa bibi yake, mama mkwe wangu. Siku za mwanzo alilia. Baadaye akaacha kulia, na hilo ndilo lililonitisha. Niliona anazoea.

Basi nikaenda kutafuta kifaa. Mimi nasoma masomo ya jioni, na mwalimu wa baiolojia ameshatuchorea misuli ubaoni, nyuzi kwa nyuzi, kwa hiyo sikwenda kama mtu asiyejua kitu. Nilipoona kibao kimeandikwa VIFAA VYA KUKANDIA NYUMBANI nikajisemea, ndiyo hapa.

Upande mmoja wa duka yalipangwa magogo ya sponji ya kujibingirishia, marefu na mafupi, mengine laini, mengine yana vinundu kama mgongo wa mamba. Kulikuwa na mipira midogo yenye miiba, na kile kidude kama bunduki kinachogongagonga misuli kwa umeme. Upande wa pili yalikuwapo mabeseni mapana, mbao, miko, na mashine kubwa yenye mkono uliopinda kama ndoana. Muuzaji alivaa aproni, na mikono yake ilikuwa myeupe kwa unga hadi kwenye viwiko.

"Karibu, dada. Unakanda nini?"

"Mgongo."

"Wa watu wangapi?"

Nikadhani anauliza ni wangapi nyumbani watakitumia kifaa. "Wa familia tu," nikasema.

"Vizuri. Geuka."

Nikageuka. Akanibonyeza kidole gumba chini ya bega, akakitoa, akakaa anapatazama mahali pale kwa muda mrefu.

"Unaona? Nimebonyeza, haujarudi. Mgongo huu haujaumuka."

"Kaka, mgongo hauumuki."

"Wako ndiyo hauumuki. Ndiyo maana umekuja."

Nikageuka kuangalia duka. Katikati ya sakafu alilala kinyozi mmoja, gogo la sponji limepita chini ya mapaja yake, koti la kazi limejaa nywele za watu. Pembeni yake mteja alikaa kwenye kigoda kifupi sana, ameinamisha kichwa, na kinyozi akimnyoa kutoka chini.

"Na huyu?" nikauliza.

"Anajaribu," akasema muuzaji.

"Nilianza kujaribu jana," kinyozi akasema bila kugeuka. "Sijaamua kati ya laini na la vinundu. Kazi yangu ya kusimama, dada, miguu imekuwa mbao. Wateja nimewaambia wanifuate huku huku. Kaka, tulia, sikio hilo."

Muuzaji akatandika mkeka. Akanieleza kwamba gogo huchaguliwa kwa mdomo. Ukiwa umelala juu yake ukaweza kuongea kama kawaida, linakufaa. Ukiweza kuimba, ni laini mno. Ukimwita mama yako, ni gumu mno.

Nikajilaza juu ya la vinundu.

"Mama," nikasema.

"Rudisha hilo."

Gogo jeupe lilikuwa laini mno, nikajikuta naimba wimbo wa kumbembeleza Bonge, na mteja wa kinyozi akaanza kusinzia. Nikajaribu kile kidude cha umeme begani, nikataka kusema sikitaki, nikasema "si-si-si-ki-ki-ta-ta."

"Hicho achana nacho," kinyozi akasema. "Mimi nilikishika asubuhi, nikamtoa mtu nyusi."

"Nilikuja kunyoa ndevu," mteja akasema.

Mwishowe nikapata la bluu, la ugumu wa kati, refu kiasi cha kupita mabega yote mawili. Nikiwa juu yake nikauliza bei kwa sauti yangu ya kawaida, na muuzaji akaniambia mimi na hilo gogo tumepatana.

"Sasa sikiliza matumizi," akasema huku akilifunga. "Kanda taratibu, usiende kwa pupa. Mabegani mpaka katikati, kiunoni usishuke. Pakiuma, simama hapo uvute pumzi. Ukimaliza, funika kwa kitambaa chenye unyevu, weka mahali pa joto pasipopita upepo, usiwe unafunuafunua. Ukishakuwa mara mbili ya ulivyokuwa, tayari."

"Mara mbili?"

"Kama ni mgongo mzuri."

Nyumbani niliwasimulia ili tucheke. Hakuna aliyecheka. Mama mkwe aliweka chini sahani aliyokuwa akiifuta.

"Mahali pa joto ni jikoni," akasema. "Ukutani pale, karibu na jiko."

"Mama, yule kaka amechanganya mambo. Kukanda unga na kukanda mwili ni vitu viwili."

"Neno ni moja."

"Neno ni moja, mama, lakini misuli haina hamira. Mwalimu wetu alituchorea..."

"Mwalimu wenu amewahi kukushika mgongo?"

"Hapana, mama."

"Basi yule wa dukani amekushika. Lala hapo, mwanangu."

Nikamtazama mume wangu nikitafuta mtu wa kunitetea. Alikuwa ameshakwenda kuleta pimamaji lake, lile rula lenye kioo na tone la hewa ndani, analotumia kujua kama kigae kimekaa sawa. Nilipolala kifudifudi, akaliweka mgongoni mwangu, akafumba jicho moja.

"Kushoto umezama, mama Bonge," akasema. "Ningekuwa nimeukuta kwa mteja ningeubandua wote."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kuumuliwa. Kila alasiri nilijibingirisha juu ya gogo kama nilivyoelekezwa, nikasimama palipouma, nikavuta pumzi. Kisha mama mkwe ananifunika kitambaa chenye unyevu na kukaa mlangoni kama askari. Mtu akifunga mlango kwa nguvu anamkemea: "Taratibu, utausinyaza." Majirani wakapata habari. Walipita dirishani wakiuliza kwa minong'ono kama tayari, naye akiwajibu bado, hali ya hewa imepoa.

Nilikuwa nachukia, sitaficha. Nilisoma daftari langu la baiolojia sakafuni, nikiwa chini ya kitambaa, na kila ukurasa ulikuwa upande wangu.

Lakini Bonge aliingia. Bibi yake hakuweza kumzuia kwa sababu alipita chini ya kiti. Akanikuta shavu langu liko kwenye mkeka, uso wangu uko sawa na wake, na tangu lile beseni tulikuwa hatujawahi kuwa kimo kimoja. Akanitazama kama mtu aliyerudi safari. Akalala kifudifudi mbele yangu, pua kwa pua, akanipumulia harufu ya maziwa. Halafu akapanda. Akanitambaa mgongoni na magoti yake yale manene, juu ya kitambaa, akifika mabegani anateleza, anazunguka, anaanza tena.

"Mtoe, atauharibu," mume wangu akasema.

"Mwache," nikasema, na sauti yangu ilikuwa ya kawaida kabisa. "Ana ugumu wa kati."

Kuanzia hapo sikuhitaji kulazimishwa kulala jikoni. Gogo lilifanya kazi yake, Bonge akamalizia.

Jumapili moja mama mkwe alifunua pembe ya kitambaa, akanibonyeza kidole, akakitoa. Akabonyeza tena.

"Unarudi," akasema.

Pimamaji likaletwa. Tone la hewa likatulia katikati. Mume wangu akataka kuleta na futi kuona kama umekuwa mara mbili, mama yake akamwambia asiwe mroho, unatosha.

Nikainuka taratibu. Bonge alikuwa amesimama kwa kushika mguu wa meza. Akaniona wima, akasita. Niliuona ule mkono wake mmoja ukianza kupanda halafu ukashuka, kama mtu anayeona haya kuomba tena. Nikakunja magoti, mgongo nimeuweka wima, nikamshika kwapani, nikamnyanyua.

Alikuja mzima mzima, na uzito wake wote. Akanishika sikio. Mgongo haukusema kitu.

Tatizo likawa kumshusha. Mgongo ulikuwa umekubali kupanda, kushuka haukutaka hata kusikia. Nikajaribu kuinama, nikabaki wima kama nguzo, mtoto kifuani.

"Umeumuka kupita kiasi," mama mkwe akasema kwa masikitiko.

Mume wangu akakimbilia dukani kuuliza. Akarudi anahema.

"Kinyozi bado yupo," akasema. "Na muuzaji anasema ukishafika hapo hakuna dawa. Ni kuoka tu."

Mama mkwe akalitazama jiko. Akanitazama mimi, juu hadi chini, akipima kwa macho. Mwishowe akatikisa kichwa, akasema halitatosha, akaanza kupakua chakula.

Walinilisha nikiwa nimesimama, kijiko kwangu, kijiko kwa Bonge. Mume wangu akauliza kama ampokee mtoto, mikono yangu isije ikafa ganzi. Nikamwambia akae ale, mikono hii ina njaa ya siku nyingi.