Kahawa Aliyoikataa Mzee Sleyum

Watu wote nyumbani walitaka London. Sijamaliza hata kuvua viatu, watoto wa mjomba wananiuliza kama ni kweli treni inapita chini ya ardhi, na mjomba Aflah mwenyewe, mwenye nyumba, anataka kujua nyama ya halali nilikuwa nikiipata wapi. Nilikuwa nimeshuka uwanja wa ndege wa Bait al Falaj asubuhi ile ile, vumbi la Ruwi lingali mdomoni, na kwa miaka saba sikuwa nimemwona mama yangu, Bi Nasriya. Yeye alikaa kwenye mkeka karibu na mlango akawaacha wamalize upuuzi wao. Walipochoka, akanigeukia.

"Nambie mwanangu. Ulifika?"

"Nilifika, mama."

Kila mtu katika nyumba ile ya Hamriya alijua ameuliza nini.

Ilikuwa Desemba 1970. Nchi hii ya Maskati, iliyokuwa imefungwa miaka na miaka, ilikuwa imefunguliwa tangu Julai, na sisi wa Unguja tuliotawanyika kama mchele uliomwagika tukaanza kuitwa: aliyesoma udaktari, aliyesoma ualimu, na mimi niliyesoma upimaji wa ardhi. Mama alinituma jambo moja tu. Kabla sijaja Maskati nipite Hispania, nilitafute kaburi la kaka yangu Ghanim, nimsomee Yasini.

Ghanim alitoka Unguja mwaka wa 1964, katika ile tafrani, akaingia kwenye meli ya Wagiriki kuwa mpishi. Alikuwa hajui kukaanga yai. Mama na Mahbuba, mke wa Ghanim, walifika Maskati kwa mjomba Aflah wakiwa na nguo walizovaa. Mimi nilikuwa Uingereza masomoni tangu kabla ya hapo, nikisoma habari za kwetu katika magazeti ya watu. Ghanim alijua niko Uingereza, ila Uingereza kubwa, na wapi hasa hakujua.

Habari zake zilikuja mwaka wa 1966, na namna zilivyokuja ndiyo iliyotumaliza.

Sisi habari ya kifo hatumtupii mtu usoni. Anayeileta huja mapema, watu hawajatawanyika. Hukaribishwa asile, asinywe, kwa kuwa mtu hatii kitu kinywani katika nyumba anayokwenda kuiliza. Husema fulani hajambo kidogo, fulani yuko taabani, akaondoka bila kukaa sana. Yaliyobaki wenyewe huyamalizia. Ni adabu nzuri, nami nimeilaani mara nyingi.

Basi Mzee Sleyum, mfanyabiashara wa pwani ya Batina aliyekuwa akikaa Dubai, alibisha hodi hapa baada ya sala ya alfajiri. Mahbuba akamletea kahawa na tende. Mzee akakifunika kikombe kwa kiganja chake. Akasema amekutana na baharia aliyesafiri na Ghanim. Kwamba Ghanim ameshushwa melini huko Hispania, yuko katika hospitali ya watawa kwenye pwani iitwayo Galisia, na kifua kinamsumbua sana. Anawaomba mumpelekee neno. Mama alipotazama kile kikombe kilichofunikwa akapiga ukelele. Mzee Sleyum akaaga haraka haraka. Adhuhuri haijaadhiniwa, matanga yamewekwa, na Mahbuba ameingia eda. Mimi nikaandikiwa kwamba kaka yangu amefariki, nikamswalia peke yangu katika chumba cha kupanga chenye baridi.

Mahbuba alipomaliza eda yake, mwaka uliofuata mjomba Aflah alimwoza kwa Mahfoudh, mtu mpole wa forodhani Matrah ambaye sijamsikia akisemwa vibaya na mtu yeyote. Asubuhi ile niliyofika, Mahbuba ndiye aliyekuwa na birika la kahawa mkononi, na bintiye Kheiria, mtoto wa miaka miwili hivi, amemng'ang'ania kanga.

"Karibu kahawa, shemegi," akasema, akanimiminia.

Nikakipokea kikombe, nikakiweka chini. Njia nzima nilikuwa nikipanga nitakayoyasema na nitakayoyameza, nami nilijiamini sana.

Nikaanza kuwahadithia pwani.

Niliwaambia wasidhani ni Hispania ile ya machungwa na jua. Karani wa ofisi ya safari London alilitafuta jina la Galisia kwenye vitabu vyake akachoka, akanishauri niende Malaga kama watu wengine. Iko juu kabisa, pembeni, ambako nchi inakatika ghafla ndani ya bahari ya Atlantiki. Mvua yake haina msimu. Nilishuka melini La Korunya na kamusi mfukoni, nikapanda basi, na basi lilipoishia nikapanda jingine dogo zaidi, lenye kuku na wanawake waliovaa nyeusi toka utosi hadi kisigino.

"Wote wamefiwa?" mama akauliza.

"Wengi, mama. Wenyewe wanaiita Pwani ya Mauti, kwa meli zilizovunjikia pale. Kila nyumba ina mtu wake baharini."

Mama akatikisa kichwa. Nadhani aliwapenda wanawake wale pale pale.

Nikawaeleza majabali, na wanaume wanaojifunga kamba kiunoni, wenzao wakawashika kwa juu, wakashuka kati ya wimbi na wimbi kubandua makome yanayoliwa na matajiri wa mjini. Nikawaeleza wanawake wanaovuna mwani na kuupakia kwenye magari ya ng'ombe wakatie mashambani mbolea, na maghala madogo ya mawe yaliyosimamishwa juu ya miguu ili panya wasifikie mahindi. Katika kijiji kimoja bibi mmoja alinikaribisha kwake nikauke. Alikuwa akifuma lesi juu ya mto, vijiti vya mbao vinagongana, mikono inakwenda mbio na macho yake yananitazama mimi. Nilimwonyesha kwa ishara: mtu, mweusi kuliko mimi kidogo, mrefu, amekufa, yuko wapi? Akaweka kazi chini, akanishika mkono kwenye mvua mpaka njia panda, akaninyooshea kidole kilimani. Nimepima ardhi katika nchi mbili na sijaona watu wanaokaa pembeni mwa dunia vile, na wasiomwogopa mgeni vile.

Watoto wa mjomba walikuwa wamesahau London. Mjomba mwenyewe aliuliza kama wanalima vitunguu.

"Na hospitali?" akasema mama.

"Iko juu ya kile kilima. Nyeupe, madirisha yanatazama bahari. Watawa wake ni watu wazuri. Walimzika ameelekea kibla. Aliwaonyesha mwenyewe kwa mkono kabla hajafa, nao wakashika. Si ndani ya ukuta wa makaburi yao, ni nje kidogo, penye nyasi. Wavuvi ndio waliomchimbia. Nimemsomea Yasini, mama, nikamsomea na ya kwako."

Mama akajifuta macho, na Mahbuba akainamia birika.

Yote hayo yalikuwa kweli. Niliyoyameza ni haya.

Mtawa aliyenipokea, Sista Karmen, alikuwa na Kiingereza kidogo. Nilimwambia natafuta kaburi la kaka yangu Ghanim aliyefia hapo mwaka wa 1966. Akauliza, "Wewe ndiye Thabit?" Sikuwa nimemtajia jina langu. Kisha akaniambia kwamba Ghanim amekufa mwaka jana, Oktoba.

Alikuwa amepata nafuu, akazidiwa, akapata nafuu tena. Kifua ndivyo kilivyo. Meli yake haikurudi kumchukua. Katika siku zake nzuri alipanda pilipili ndani ya makopo ya maziwa kwenye dirisha, akagombana na mpishi wao juu ya wali. Kuandika alikuwa hajui ila herufi za chuo cha Kurani, basi watawa wakamwandikia, na barua zikaenda Unguja kwenye nyumba iliyokuwa haina mtu wetu tena. Tegemeo lake likawa yule baharia aliyeondoka na salamu zake. Aliwaambia watawa kwamba kwao ni mbali, meli ni chache, lakini mama yake akipata habari tu, mtu atakuja.

Jumamosi basi la La Korunya lilikuwa likisimama barabarani chini ya kilima. Ghanim alikuwa akivaa kofia yake, anateremka, anasimama kando ya ghala la mahindi mpaka abiria wa mwisho ashuke. Mvua ikinyesha alisimama vile vile. Watawa walimkemea kwa ajili ya kifua chake, asisikie. Sista Karmen alinipeleka hapo kabla ya kunipeleka kaburini, akanionyesha jiwe alilokuwa akiegemea, akaniuliza swali ambalo hakukusudia kunichoma nalo.

"Kwa nini hamkuja?"

Nilikuwa nimefika kwa basi lile lile.

Nilipopita Dubai nilimtafuta Mzee Sleyum. Nilikwenda na hasira yangu yote, nikamkuta mzee anayejikokota, akafurahi kuniona. Nikamuuliza kwa nini alikataa kahawa siku ile. Ilimchukua muda kukumbuka. Akasema, "Nilikuwa nimefunga, mwanangu. Ilikuwa Mfunguo Mosi, Ramadhani imetoka tu, nilikuwa nafunga sita yangu. Na chombo cha Sur kilikuwa kinaningoja bandarini." Yeye hakukulia Unguja, hayajui yetu. Alisikia kilio nyuma yake akasema moyoni, wanawake wa huko mioyo yao laini, mtu kuugua tu wanalia hivi. Kisha akaniuliza, kwa moyo mweupe kabisa, "Ghanim alipona?" Hasira yangu ikakosa pa kukaa.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kifuani nikiwaeleza habari za lesi na makome. Nikiyatoa, yatatoka mbele ya Mahbuba, ambaye alikaa eda ya mtu aliye hai, akaolewa mumewe angali anateremka kilima kila Jumamosi. Hakukosa yeye, alifanya kila alichoambiwa. Lakini makadhi wangeitwa, na Mahfoudh angelala kwa nduguze mpaka wakate shauri, na yule mtoto anayevuta kanga angetafutiwa jina. Nikiyameza, Ghanim atabaki maiti wa mwaka 1966, na ile miaka yake yote kando ya ghala itakuwa haikuwapo. Nilimpenda kaka yangu. Alinifundisha kuogelea kwa kunisukuma majini. Alistahili kuliliwa kifo chake mwenyewe.

"Thabit," mama akasema.

Nikanyanyua macho. Hakuwa akinitazama mimi. Alikuwa anatazama kikombe changu, kilichojaa vile vile, moshi umekwisha.

"Mbona hukunywa?"

Mjomba Aflah akaacha kutafuna. Mahbuba akamvuta mtoto karibu, akasimama wima na birika lake. Wote walikuwa wamekaa chumba hiki hiki siku ile, na wote walikumbuka.

"Nani amekufa, mwanangu?" mama akauliza taratibu. "Kama kuna mtu, sema. Nshazoea."

"Hajafa mtu, mama."

"Basi nikuulize moja, halafu sitokuuliza tena maisha." Aliikunja ncha ya kanga yake, akaikunjua. "Kuna jambo linanila roho miaka yote hii, sijamwambia mtu. Nikilala, nnajiuliza, huyu mtoto alikaa siku ngapi pale kabla hajafa? Siku mbili? Wiki? Maana alituma neno, na sisi neno hatukumpelekea, tukaweka matanga. Nnaogopa asije akawa alikaa akitungoja."

Nikaiona mvua ya Galisia, nikaiona kofia na jiwe la kuegemea. Nilimwona Mahbuba akinitazama, na katika macho yake nikaona kwamba na yeye alikuwa na swali hilo hilo, na kwamba alikuwa akiomba.

Nikakichukua kikombe nikakinywa chote, baridi, pamoja na mashapo yake.

"Hakungoja, mama," nikasema. "Neno lilipofika hapa, yeye alikuwa ameshakwenda."

Mama akashusha pumzi ndefu, akasema Alhamdulillah, akasema tena, na uso wake ukawa wa mtu aliyetuliwa mzigo. Kaka yangu alisimama barabarani miaka mitatu na zaidi, na mimi, niliyekuwa peke yangu kujua, nilimwondoa pale kwa neno moja. Hakuna wa kunisamehe kwa hilo, kwa kuwa hakuna wa kumwambia.

Mahbuba akapiga magoti mbele yangu na birika.

"Nikuongeze, shemegi?"

"Niongeze," nikasema, nikamnyooshea kikombe.