Mbu wa Mama Titus

Jirani zake walifuga kuku, nguruwe na ng'ombe wa gredi. Dinah Awinja alifuga mbu.

Hakuwafuga kwa kupenda kujitia midomoni mwa watu. Alikuwa mkufunzi wa biolojia katika chuo kimoja cha walimu mjini Kakamega, na wakati huohuo alikuwa akisomea shahada ya uzamifu, akitafiti jinsi mbu wa malaria wanavyostahimili baridi ya vilima vya kwao. Mwanzoni aliwaweka katika chumba kidogo nyuma ya maabara ya chuo. Mkuu wa chuo alivumilia mpaka siku mgeni kutoka wizarani alipoumwa shingoni akinywa chai. Kesho yake Dinah aliambiwa achague: mbu watoke, au atoke pamoja nao.

Akawahamishia nyumbani kwa mumewe, upande wa Khwisero, katika banda lililokuwa tupu tangu ugonjwa wa kideri ufagie kuku wote wa mama mkwe wake. Alikandika kuta upya, akatia milango miwili ya wavu, akapanga mabeseni na vizimba. Sungura mweupe aliyenyolewa mgongo ndiye aliyewapa mbu majike damu yao.

Mama mkwe, Mama Rosebella, alilichungulia banda akatikisa kichwa, akamwita Dinah kwa jina la mtoto wake. "Mama Titus, mimi nimeona watu wakifukuzanga mbu. Sijaona mtu anawawekea meza."

"Hawa nawasoma, mama."

"Na ukimaliza kuwasoma watakwenda wapi?"

Dinah alicheka. Alikuwa na kizazi baada ya kizazi cha mbu waliozaliwa mle ndani, na kila kizazi kilimsogeza karibu na kile alichokuwa akikitafuta. Alirudi kutoka kazini, akafunga leso kiunoni, akaingia bandani kabla hata ya kuonja chai.

Kisha zikaja mvua za mwaka wa 1994. Zilinyesha, zikakatika, jua likawaka, zikanyesha tena. Malaria, ambayo watu wa vilimani waliiona kama ugonjwa wa watu wa ziwani, ikapanda mlima. Hospitalini wagonjwa walilala wawili wawili kitandani. Shuleni madawati yalibaki wazi. Na katika wiki moja mbaya, Gentrix, binti mdogo wa Wangila, aliungua kwa homa, akaweweseka, akafariki.

Wangila alikuwa mfyatuaji matofali. Nusu ya nyumba za maana pale kijijini zilijengwa kwa matofali yake, na akisema neno, watu walisikiliza. Siku ya mazishi alisimama kando ya udongo mbichi, macho mekundu, akasema bila kupaza sauti, "Hapo kwa Osundwa kuna mwanamke anafuga kitu kilichoniulia mtoto."

Dinah, aliyekuwa amekuja na unga wake wa matanga, aliona akina mama wakimpisha mmoja mmoja, mpaka akajikuta amesimama peke yake.

Mumewe, Osundwa, alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha sukari, na alirudi nyumbani kila mwisho wa wiki. Jumamosi hiyo alimkuta mkewe ameketi mlangoni pa banda.

"Niambie ukweli," akamwambia. "Ni mbu wako?"

"Mbu hazaliwi na malaria. Lazima kwanza amuume mgonjwa. Wangu hawajawahi kuonja mtu, wanajua sungura tu."

"Na una hakika hakuna hata mmoja aliyetoroka?"

"Hakika hiyo sina. Lakini wachache wangetoroka, wasingeweza kuwaambukiza watu wa vijiji vyote hivi. Mbu wanaoua wanatoka mahali pengine. Mahali hapo ndipo sipajui."

Liguru, mzee wa kijiji, aliitisha baraza. Dinah alikuja amejitayarisha kama anavyojitayarisha kwenda darasani: amechora mbu kwenye karatasi kubwa, amepanga maneno yake hatua kwa hatua. Alisimama, akaanza. Alikuwa amefika pale mbu anapochovya mdomo ndani ya ngozi alipomwona Priscah, mamake Gentrix, ameketi nyasini, mikono imelala mapajani. Hakuwa akitazama mchoro. Alikuwa akimtazama mwalimu, kama mtu anayesubiri mwingine amalize kuongea ili yeye aende zake.

Dinah alijua yuko sahihi. Akajua pia kwamba usahihi wake, kwa jinsi ulivyosimama pale, haukuwa na faida kwa mtu yeyote. Banda lile likibaki, hakuna atakayemfungulia mlango wala kumruhusu kukanyaga shamba lake kutafuta mbu wanakozaliwa. Akaikunja karatasi.

"Nitawaua," akasema. "Leo hii. Yeyote anayetaka kuona aje."

Walikuja wengi. Alimwaga mafuta ya taa juu ya maji ya mabeseni, kisha akapuliza dawa ndani ya vizimba, na mbu wakaanguka chini kama vumbi. Hakulia. Alipomaliza alimtoa sungura, akampa mama mkwe wake, akaenda kunawa mikono. Mama Rosebella alimfuata kisimani akamshikia sabuni, na kwa mara ya kwanza hakuwa na neno la mzaha.

Jumatatu alipiga simu Nairobi kutoka posta. Msimamizi wake, Profesa Chepkirui, alikuwa mwanamke mwenye sauti kali na moyo wa haki.

"Umeua utafiti wako kwa sababu ya baraza?"

"Nimeua mbu, Profesa. Utafiti upo."

"Upo wapi?"

"Nje. Watu wanakufa na mimi nilikuwa nimejifungia bandani. Nataka kujua hawa mbu wanazaliwa wapi."

"Hiyo ni kuanza upya, Dinah. Ni miaka."

"Basi ni miaka."

Alisikia profesa akishusha pumzi. "Niandikie pendekezo jipya. Liwe zuri."

Kuanzia hapo, kila Jumamosi, watu walimwona mwalimu wa chuo akitembea na viatu vya mpira, kata ya mpini mrefu na beseni jeupe. Alichota maji mtoni, kwenye mabwawa ya mafunjo, kwenye nyayo za ng'ombe njiani. Alimimina ndani ya beseni, akainama, akahesabu viluwiluwi wa mbu. Watoto walimpigia kelele, "Mama Mbu!" Alipunga mkono, akaendelea. Mtoni, penye kivuli na maji yanayokwenda, alikuta wachache mno. Mafunjoni vilevile. Lakini katika mashimo ya kuchimbia udongo wa matofali, ambako maji yalisimama peupe juani, kila kata ilikuja imejaa.

Na mashimo yale, takriban yote, yalikuwa ya Wangila.

Aliizunguka habari hiyo kwa wiki nzima, akijiuliza atamwambiaje. Mwishowe aliona hakuna njia ya kuipamba. Alimkuta Wangila kwenye tanuru, akamweleza kwa maneno machache. Wangila aliweka tofali chini polepole.

"Kwanza ulisema si mbu wako. Sasa unasema ni wangu. Umekuja kuniambia mimi ndiye niliyemuua mtoto wangu?"

"Sikuja kusema hivyo, ndugu yangu."

"Toka hapa."

Akatoka. Jumamosi iliyofuata alirudi. Hakuingia shambani. Alisimama njiani, pale shimo la mwisho lilipopakana na barabara, akachota. Wangila alimwona akageuka. Jumamosi nyingine vilevile, na nyingine. Mara moja donge la udongo lilianguka majini karibu naye, likamrushia matope usoni. Alijifuta kwa leso, akahesabu upya.

Asubuhi moja alihisi mtu nyuma yake. Alikuwa Priscah.

"Nionyeshe," Priscah akasema.

Dinah akainamisha beseni kuelekea mwangani. "Hawa wanaolala wamenyooka chini ya uso wa maji ndio wa malaria. Hawa wengine wanaoning'inia kichwa chini wanatunyima usingizi tu."

Priscah alitazama kwa muda mrefu. "Na sisi tulikuwa tunateka maji hapa hapa," akasema. "Yeye alikuwa anapenda kucheza hapa." Kisha akauliza, "Baba Gentrix alijua?"

"Hakujua. Hakuna aliyejua. Mimi ndiye mwalimu wa mambo haya, na kila siku nilipita njia hii nikienda kazini, nikikimbilia mbu wa bandani. Sikuwahi kuinama hapa hata mara moja."

Priscah alikwenda mpaka lilipokuwa jembe la mumewe, akalishika, akaanza kuvuta udongo wa ukingoni kuuporomosha shimoni. Dinah aliweka beseni chini, akaokota koleo lililotupwa kando, akaungana naye. Walifanya kazi, pumzi zao zikipishana, mpaka kivuli kikawaangukia. Wangila alikuwa amesimama juu yao. Uso wake ulikuwa umekunjamana kama wa mtu aliyemeza shubiri.

"Hilo msifukie," akasema hatimaye. "Natolea maji ya kukandia udongo. Anzeni lile la kule, la zamani."

Akachukua jembe mkononi mwa mkewe, akatangulia.

Haikuisha siku hiyo. Walichimba mfereji wa kupeleka maji mtoni, na Wangila akajiwekea sharti: hafungui shimo jipya kabla ya kufukia la zamani. Wafyatuaji wengine walimcheka, halafu wawili wakamwiga. Katika mvua za mwaka uliofuata wagonjwa walipungua upande ule. Watu walipotaka kumbeba Dinah juu juu, alikataa. Huenda ni mashimo, alisema, huenda ni mvua zenyewe, na kijiji kimoja hakitoshi kuthibitisha. Akapanua hesabu zake mpaka vijiji jirani, akipanda na kushuka vilima na wanachuo wake, akiwafundisha kuinama juu ya beseni.

Mwaka wa 1998 alisimama mbele ya watahini. Mmoja wao alimwuliza kwa nini data ya miaka ya kwanza haikuonekana kwenye tasnifu.

"Niliwaua mbu wenyewe, bwana. Wangebaki hai, hakuna mtu angeniruhusu kuchota maji shambani kwake."

Mtahini alimtazama Profesa Chepkirui, profesa akatazama dirishani. Waliendelea na swali jingine, na jioni ile Dinah alikuwa daktari wa falsafa.

Profesa alimwahidi kazi Nairobi. Dinah aliomba siku za kufikiri, akarudi nyumbani, akakuta Mama Rosebella amechinja jogoo na ugali wa wimbi uko mezani. Priscah naye alikuwepo, na mtoto mchanga mgongoni. Baada ya chakula alimvuta Dinah pembeni.

"Daktari, huyu amemaliza klorokwini mara mbili. Homa inaondokanga, inarudi. Dawa imeshindwa, ama ni mimi ninayekosea?"

Dinah alimgusa mtoto kwenye paji la uso. Kesho yake alikwenda naye hospitali ya mkoa mpaka mtoto akapewa dawa nyingine. Kisha, badala ya kurudi nyumbani kufikiria kazi ya Nairobi, akapanda ngazi kwenda ofisi ya daktari mkuu, akaomba apewe meza moja, darubini moja, na ruhusa ya kuwafuatilia watoto waliomeza klorokwini bila kupona.

"Kwa muda gani?" daktari mkuu aliuliza.

"Mpaka nijue," akajibu, akavuta kiti.