Aogeshwe Akiwa Ameketi

Wenzake walimbandika jina la Mama Pole, kwa kuwa hakuwahi kumgusa mtu yeyote pale makao ya wazee bila kumpa pole kwanza. Kwa bibi wa kitanda cha nne, pole hizo hazikufua dafu. Kila walipomlaza kwenye kile kitanda cha plastiki cha kuogeshea, bibi aliuma, alikwaruza, alilia, "Mimi bado jamani, mimi bado." Bado nini, hakuna aliyemuuliza. Nani alikuwa na muda?

Msimamizi akatoa neno: akiendelea hivyo, daktari atamwandikia sindano za kumtuliza. Mama Pole alizijua sindano hizo. Mtu huzianza akiwa anapiga soga, na baada ya siku kumi hamtambui hata mwanawe. Roho ilimuuma.

Jumapili alimvizia mlangoni kijana wa bibi, mtu mzima mwenye mvi zake.

"Samahani kaka. Mama alikuwa anafanya kazi gani?"

"Mochwari. Miaka ishirini na sita anaosha maiti." Akacheka kidogo. "Watu tulikuwa tunawaambia ni nesi."

Mama Pole alibaki kwenye korido. Kumbe bibi wa watu alipolazwa vile alidhani wanamwosha kama maiti, naye yu hai.

Kesho yake alimketisha kwenye kiti, akampa kitambaa chenye sabuni. "Haya bibi, anza mwenyewe, mimi nitakumalizia mgongo." Bibi akasugua uso, shingo, makwapa, bila haraka. Hata utani ukamtoka: "Mikono ya baridi hivi, mumeo anakuvumilia vipi?" Mama Pole alicheka mpaka akatokwa na machozi.

Fomu ya mpango wa huduma haikuwa na mahali pa jambo kama hilo. Akaliandika penye "Mapendeleo", chini ya rangi anayoipenda: Aogeshwe akiwa ameketi. Kisha akaenda likizo ya wiki mbili, moyo mweupe.

Aliporudi, bafuni kulikuwa kimya. Mwenzake alikuwa akimwogesha bibi kwenye kile kitanda, chali.

"Faili lake hukusoma?"

"Nilisoma. Nikajua ni kupenda tu, kama mwingine anavyopenda chai ya rangi. Tuna wazee kumi na tisa, dada. Akaning'ata, wakamwanzishia sindano. Sasa hana neno."

Mama Pole alimshika bibi bega. "Pole bibi. Inuka tukae."

Bibi hakumtazama. Alifumba macho, akasukuma kidevu juu kwa kiganja mpaka mdomo ukafumba sawasawa. Akanyoosha miguu, akakutanisha vidole gumba, akalaza mikono ubavuni na kutulia.

"Umeona?" mwenzake alisema, akifungua maji. "Siku hizi anatusaidia."