Mkono wa Bibi

Hospitalini walimwita Fundi Vichwa, na alishalizoea jina. Kazi yake ilikuwa kubandika nyaya nyembamba kwenye vichwa vya watoto wachanga mahututi, kisha kusoma kwenye skrini kama ubongo unafanya kazi.

Huyu wa leo alikuwa na siku tatu duniani. Alizaliwa amechoka, hakulia, na tangu hapo mashine ndiyo iliyompumulia. Jana mstari wake ulilala kimya kutwa nzima. Asubuhi hii mawimbi yakaanza kupanda na kushuka, na Fundi, ambaye si mtu wa kuropoka, akaropoka mbele ya bibi wa mtoto: "Bibi, anajaribu huyu."

Neno hilo lilishafika wodi ya wazazi, kwa mama aliyelala na mshono tumboni. Saa sita mchana daktari angekuja kuamua kama mashine iendelee au izimwe.

Sasa Fundi aliyakodolea macho yale mawimbi. Yalilingana mno, kama mtu anayetwanga. Akageuka. Bibi alikuwa amepenyeza mkono kwenye tundu la kile kitanda cha kioo, anampigapiga mjukuu pajani polepole.

"Mume gani wewe, mvivu hivi? Amka basi, mkeo nimechoka kusimama."

Nyaya zile hunasa kila kinachotikisika. Fundi alilijua hilo tangu siku ya kwanza ya kazi, na furaha ikamsahaulisha. Kwa kitambo alitamani kunyamaza. Akajichukia.

"Bibi, naomba utoe mkono kidogo."

"Namuumiza?"

"Hapana. Nataka kumwona yeye peke yake."

Bibi akautoa. Mawimbi yakakatika palepale, mstari ukanyooka. Wakasubiri dakika kumi nzima, mashine ikisukuma hewa yake. Bibi alitazama skrini, kisha kiganja chake. Hakuwa mtu wa kuelezwa mara mbili.

"Kumbe ilikuwa mimi."

"Ni wewe, bibi. Nisamehe. Niliharakisha kusema."

Bibi akamgeukia. "Mama yake nitamwambia mwenyewe," alisema. "Usimtume mtu." Kisha akauliza, "Sasa naruhusiwa kumshika?"

Fundi akaigeuzia skrini ukutani.

"Mshike, bibi."

Bibi akaupenyeza mkono tena, akaendelea kumpigapiga taratibu. Safari hii hakumwambia aamke.