Nusu Yadi Upande wa Kushoto

Vern Hladik, kocha mkuu wa timu ya shule yetu ya mpira wa Kimarekani, alikuwa na desturi moja ambayo mji mzima wa Mapes Ferry uliipenda, na mimi niliipenda kuliko wote. Timu ikifika jaribio la nne na kimebaki kipande kidogo, hakuamua kwa kelele za wazee wa jukwaani. Aliomba muda kwa mwamuzi, akaingia uwanjani, akawatazama usoni wale vijana watano wa mbele tunaowaita ukuta, akawauliza, "Mnaipata?" Wakisema ndiyo, tunakwenda. Wakisema hapana, tunaupiga mpira mguu uende mbali, na wapinzani waanze safari yao huko huko kwao.

Nilifanya naye kazi miaka kumi na moja, na sikusikia hapana hata moja. Nimezeeka ndipo naona upumbavu wake. Unamwuliza mvulana wa miaka kumi na saba, mbele ya wenzake, mbele ya baba yake na wasichana wa shule nzima, kama ana nguvu. Ulitegemea akujibu nini?

Kocha wa ukuta nilikuwa mimi, Gene Tomko. Mchezo wetu ni wa kugombania ardhi: una majaribio manne ya kusogeza mpira yadi kumi, na ukishindwa, mpira ni wa wapinzani, palepale ulipoishia. Zikibaki yadi nane, hata mjinga anajua la kufanya, anapiga mguu. Ikibaki nusu yadi, hapo ndipo kila mtu anajiona ana akili. Mimi nilikuwa na kidaftari nilichoandika kila nusu yadi na kila yadi moja tuliyowahi kuijaribu. Kulia kwa ukuta wetu, tulikuwa tunapata mara moja na kukosa mara moja. Kushoto, nyuma ya Lyle Sabo, tulijaribu mara ishirini na mbili, tukapata kumi na tisa.

Lyle alikuwa mtoto wa Andy Sabo, ambaye nilicheza naye bega kwa bega ujanani, wakati kiwanda cha chuma bado kinatoa moshi na watu bado wananunua magari mapya. Kijana alikuwa na kilo mia moja na kumi, na maneno machache. Nilimpenda. Nasema hivyo sasa, najua linavyosikika.

Alhamisi, siku mbili kabla ya mechi ya mwisho ya mwaka 1991, vijana walikuwa wanasukuma lile gari la chuma lisilo na magurudumu, lenye mito mbele. Lyle aliligonga mara moja, akajitoa pembeni. Mkono wa kushoto ulikuwa unaning'inia. Alijaribu kufunga mkanda wa helmeti, vidole vikakataa.

"Umeme?" nikamwuliza.

Ndivyo vijana walivyouita ule moto unaotoka shingoni, ukashuka begani mpaka vidoleni, kisha mkono unakufa kwa dakika moja au mbili.

"Umelala tu, Kocha."

"Mara ya ngapi wiki hii?"

Akatazama viatu vyake. "Sijahesabu."

"Hujahesabu, au hutaki kuniambia?"

"Ya nne. Lakini usimwambie Kocha Hladik, tafadhali. Ataniweka benchi, na baba atakufa kabla ya Jumamosi."

"Baba yako hafi huyo. Nilijaribu kumwua mazoezini miaka mitatu mizima, akakataa."

Akacheka, na mimi nikacheka. Nikamwambia autikise mkono, arudi kwenye mstari.

Sheria ya Vern ilijulikana na wote: umeme wa pili, unakwenda kwa daktari, hakuna mjadala. Sikumwambia. Sitatafuta maneno matamu ya kueleza kwa nini. Wa akiba wa Lyle alikuwa kijana wa kilo sabini aliyependa tarumbeta kuliko mpira, na sisi hatukuwa tumeingia mtoano kwa miaka kumi na tisa. Hiyo ndiyo sababu yote. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Ila maradhi niliyoyaficha mimi hayakuwa yangu, na kilio hakikuwa nyumbani kwangu.

Uwanja wetu haukuwa na taa, kwa hiyo tulicheza Jumamosi mchana. Mvua ilinyesha tangu asubuhi. Zikiwa zimebaki dakika mbili kasoro, tulikuwa tunaongoza kumi na nne kwa kumi dhidi ya watu wa ng'ambo ya mto, na mpira ulikuwa wetu, katikati ya uwanja, kwenye tope linalofika vifundoni. Jaribio la tatu liliishia kwenye rundo la watu. Waamuzi wakaleta mnyororo wa kupimia, wakauvuta, na uwanja mzima ukautazama. Nusu yadi.

Mimi sikuutazama mnyororo, niliutazama ukuta wangu. Lyle aliinuka wa mwisho. Aliushika mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia, akauinua, akauweka kiunoni, kama mtu anavyouweka mfuko mezani. Nadhani hakuna mwingine aliyeliona hilo.

"Napiga mguu," Vern akasema.

"Vern, nusu yadi."

"Naiona. Wakianzia yadi ya kumi na tano, huko kwao, kwenye tope hili, kwa dakika moja na ushee, hawafiki."

"Wanaye yule mkimbiaji wao. Akiupata huo mpira mahali pa wazi, tumekwisha. Sisi tukipata nusu yadi, mechi imekwisha. Twende zetu tukale."

"Watajaza watu tisa pale kati."

"Wajaze hata bibi zao. Kushoto kwa Lyle ni kumi na tisa kati ya ishirini na mbili."

"Wewe na kidaftari chako."

"Kimewahi kukudanganya?"

Maji yalikuwa yanamtiririka kwenye ukingo wa kofia. Nyuma yetu Andy Sabo alikuwa amesimama jukwaani, akiniita kwa sauti ile ya siku zote: "Gene, hao watoto mmewalisha lakini? Au tuwaletee uji?" Watu wakamcheka.

"Ukuta unaujua wewe," Vern akaniambia. "Wote wazima?"

"Wazima," nikasema.

Akaomba muda. Tukaingia uwanjani wote wawili. Vijana walikuwa wamefunikwa matope mpaka namba hazisomeki. Vern akawauliza lile swali lake. Wanne wakajibu kwa pamoja, na mmoja wao akaongeza kwamba yule mnene wa upande wa pili amechoka, anapumua kama mashine mbovu. Lyle hakujibu. Hakumtazama Vern, alinitazama mimi.

Mtoto yule hakuwa anaomba ruhusa ya kucheza. Alikuwa anamwomba mtu mzima mmoja aseme hapana kwa niaba yake, kwa sababu mwenyewe asingeweza, na mtu mzima aliyejua alikuwa mimi peke yangu. Nililielewa hilo palepale. Miaka mingi nimejaribu kujiambia kwamba sikulielewa, nikashindwa.

"Sabo?" Vern akasema.

"Lyle anaipata," nikadakia. "Sivyo, mwanangu?"

"Ndiyo, Kocha."

Tangu Agosti nilikuwa nawafundisha: kichwa juu, mikono mbele, mtwange mwenzako kifuani kwa viganja. Mwenye mkono mmoja hawezi kufanya hivyo. Mpira ulipotoka, Lyle aliinamisha kichwa, akaingia nacho. Mbeba mpira akapita nyuma yake, na rundo zima likawaangukia.

Tuliipata, na ikazidi kidogo. Mwamuzi akaonyesha mkono upande wetu, jukwaa likalipuka, tarumbeta zikaanza. Nilimkumbatia Vern. Rundo likafumuliwa mmoja mmoja, kila anayetoka anaruka na kupiga makofi, mpaka akabaki mmoja chini. Kijana wa katikati ya ukuta akapiga magoti kumsikiliza, kisha akatugeukia.

"Kocha," akasema, "Lyle anasema hajui miguu yake iko wapi."

Desemba bodi ya shule ilikaa kwenye maktaba. Watu walijaa mpaka ukumbini. Lyle alikuwa bado hospitali ya mjini, na bomba kooni, hawezi kusema. Mwenyekiti akauliza nani aliamua kuujaribu ule mpira badala ya kuupiga mguu. Vern akasimama. Kwa makocha wetu hilo ni jambo la zamani: mkubwa hamtaji msaidizi wake, kila uamuzi ni wa mkubwa.

"Kila mchezo unaochezwa na timu hii ni wangu," akasema.

"Kuna aliyejua kwamba kijana ameumia?"

"Sikujua. Na kama sikujua, kosa hilo nalo ni langu."

Andy alisimama, akamwambia Vern maneno ambayo sitayaandika. Vern aliyasikiliza yote huku ameshika kofia. Mimi nilikuwa mstari wa pili. Wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nilimtazama Vern akiubeba wangu, nikauona mwepesi kweli. Wakamfukuza siku hiyohiyo. Januari wakanipa funguo za ofisi yake, nikazipokea. Nilikikalia kiti chake, na tuseme kweli, kilinikaa vizuri.

Kwa Sabo sikwenda. Nilimtuma mke wangu na sufuria za kabichi na nyama. Nilijiambia kusema kweli hakutamfanya Lyle atembee. Hilo ni kweli, lakini waoga hupenda sana kweli za namna hiyo.

Aprili walimrudisha kijana nyumbani, na siku moja asubuhi nikashindwa kunywa chai yangu. Nikaenda. Mlangoni pa Sabo kulikuwa na njia mpya ya mbao ya kupitishia kiti cha magurudumu. Andy alifungua.

"Futa viatu," akasema.

Lyle alikuwa kitandani, sebuleni, mahali palipokuwa na televisheni. Alikuwa amepungua nusu. "Kocha," akanisalimu, akarudisha macho darini. Mama yake alikuwa kazini. Andy alikuwa anakunja taulo.

"Andy, nina jambo."

"Sema."

"Vern hakutaka. Alitaka kupiga mguu. Mimi ndiye niliyemsukuma. Na habari ya mkono nilikuwa naijua tangu Alhamisi."

Hakuacha kukunja. "Maliza."

"Aliniuliza kama wote wazima. Nikamwambia wazima."

"Umemaliza?"

"Ndiyo."

"Lyle alinisimulia Februari, walipomtoa bomba. Kwanza aliomba maji, kisha akasema hayo. Hilo la Vern kukuuliza ndilo nilikuwa silijui." Akaliweka taulo juu ya mengine. "Siku ile nilitia bunduki yangu ya kulungu kwenye gari, Gene. Nilipita kwa Vern kwanza, kumwomba radhi kwa yale ya Desemba. Akaniketisha jikoni mpaka hasira ikashuka. Akasema, mwache, atakuja mwenyewe. Yeye alisema utachukua wiki moja. Mimi nikasema mbili. Tangu hapo ni miezi miwili."

Akachukua taulo jingine.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Bado. Nimeanza na wewe."

"Kwa hiyo umekuja nikubebee mimi."

"Baba," Lyle akasema, "saa."

Kila baada ya saa mbili ilibidi ageuzwe, asije akapata vidonda. Andy akapita upande wa kichwa, akaingiza mikono chini ya mabega ya mwanawe.

"Vern ndiye hunisaidia asubuhi. Leo mgongo umemkamata," akasema. "Shika miguu. Si hapo. Chini ya magoti."

Niliishika. Ilikuwa mizito, na ya baridi hata juu ya soksi. Tukamgeuza akatazama ukuta. Hakuna aliyenishukuru, na ningeumia kama wangenishukuru.

Jumatatu iliyofuata bodi ilikaa. Nikasimama, nikasema yote, nikaweka funguo mezani. Kazi wakampa mtu wa mji mwingine. Vern hawakumrudishia, na mpaka anahama hakuwahi kuniuliza neno. Mwezi mzima nilipigiwa simu za matusi, baadaye watu wakachoka, wakanisahau.

Tangu hapo nilikwenda kwa Sabo kila siku saa tatu asubuhi, kwa miaka kumi na moja. Andy aliniambia maneno matatu tu: inua, geuza, basi. Lyle mara nyingine alizungumza nami, habari za mvua, habari za mechi kwenye redio. Mapafu ndiyo yaliyomwua, akiwa na miaka ishirini na minane. Siku ya mazishi tuliitwa wanaume sita kubeba jeneza. Andy alitupanga mmoja mmoja, na mimi akaniweka upande wa miguu.