Usingizi wa Insulini

"Sindano hiyo mie siitaki." Bibi Jovina alificha mikono ndani ya kitenge kama kuku anayefunika vifaranga.

"Sukari imepanda, bibi," alisema Nesi Mwajabu wa zahanati ya jirani, Kinyerezi. "Vidonge peke yake vimeshindwa. Insulini ni kama mbu tu."

"Mbu huyo tunajuana tangu mama yako hajazaliwa."

"Basi mpe shikamoo yake!" Mjukuu wake Jesca alicheka.

Bibi hakucheka. Macho yake yalikwishaondoka, yamerudi kwenye wodi ya wagonjwa wa akili, enzi za usichana wake, sauti zilipokuwa zikimwita kutoka ndani ya chungu. Madaktari walimchoma insulini asubuhi, tumbo tupu, ili azimie. Walisema kichwa kikilala fofofo kitaamka kipya. Usingizi ulipanda taratibu kama maji ya mafuriko migombani: vidoleni, magotini, kifuani. Jasho likalowesha shuka. Mwili ukawa mwepesi kama sufi. Kisha maji ya sukari yakapitishwa puani kwa mpira, naye akarudi, mdomo mtamu.

Mara nne alirudi. Mara ya tano, mama yake, kwa hofu tu, alikuwa amemmezesha alfajiri, kwa siri, vidonge viwili vya kutuliza alivyovitoa nyumbani. Hakuna daktari aliyeuliza amemeza nini. Sukari ikaingia, asiamke. Jua likazama, likachomoza, na yeye akiwasikia wakimwita kwa mbali, kama watu wa ng'ambo ya mto. Alipoamka, jina la mama yake lilikuwa limemtoka. Lilikuja kurudi mvua za vuli zilipoanza.

"Bibi," nesi alisema, sindano ikiwa bado mezani. "Kabla sijakugusa. Tangu jana umemeza nini? Vyote, hata vya kichwa."

Bibi Jovina aliitoa mikono ndani ya kitenge. Kisha akafungua fundo la kitenge, akaviweka vidonge mezani kimoja kimoja.

"Hiki cha presha, nimekunywa leo. Hiki cha kuzituliza sauti, jana jioni. Na uji, bakuli zima."

Nesi akaandika. "Tutaanza na kidogo. Nami siondoki hapa."

"Nikisinzia?"

"Nitakupa chai ya sukari, nikuite Jovina mpaka uitike."

"Na uniulize jina la mama yangu."

"Anaitwa nani?"

"Kokubanza," alijibu upesi, akaunyoosha mkono.